Nilimmwagia binti yangu poda mbele ya mama yake mwingine

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana nusu ya kanisa letu wanasoma ukurasa huu na midomo yao naijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mkongo wa Uvira, naishi Whitehall hapa Columbus na mume wangu. Nafanya kazi ghala, kupakia maboksi. Nina binti mmoja tu. Ana miaka ishirini na mbili, yuko chuo Buffalo, na anacheza hoki ya barafu. Ndiyo, hiyo hiyo ya kuvaa viatu vyenye visu na kugongana. Msicheke bado.

Tulipofika Marekani tulipangiwa Buffalo, kule Lower West Side. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mmarekani, hana mtoto, ana gari. Binti yangu alipoanza kuipenda barafu, yeye ndiye aliyempeleka mazoezini alfajiri, kwa sababu saa hizo mimi ndiyo kwanza natoka zamu kiwandani, macho mekundu kwa usingizi. Kiwanda kilipofungwa tukapata kazi huku Columbus. Mtoto alilia, akaomba abaki kwa yule mama amalize shule. Nikakubali. Kwetu mtoto analelewa kwa shangazi, kwa mama mkubwa, hata kwa jirani mwema, na hakuna anayemsahau aliyemzaa. Ndivyo nilivyojua mimi.

Mwezi uliopita akanipigia simu: kuna mechi ya mchana ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, na wenzake wamemchagua mchezaji wa thamani kuliko wote. Nilipiga kigelegele hadi mume wangu akazima televisheni. Binti akasema, "Ukuje, mama, lakini ukae tu. Kule hawafanyaka fujo." Nikaitikia ndiyo. Nani humsikiliza mtoto siku ya furaha? Nilivaa kitenge kipya, na kwenye mkoba nikatia kopo la poda. Wakongo mnanielewa. Kwetu mtoto akifaulu mtihani wa serikali anamwagiwa poda kichwani, anatembea mtaani mweupe, kila mtu anajua nyumba ile ina sherehe.

Kocha alishika kipaza sauti kabla ya mechi. Kiingereza changu ni cha ghala lakini nilimwelewa. Alisema wa kufunga mabao wapo wengi. Huyu thamani yake ni kwamba kile kidude cheusi cha mpira kikija kwa kasi, kigumu kama jiwe, yeye anajitupa mbele yake ili aliye nyuma asiumie, kisha anainuka na hasemi panapouma. Machozi yakanitoka. Nilikumbuka safari yetu ya kukimbia, nikiwa nimembeba mgongoni, mguu umevimba, nami sisemi. Nikajiambia, huyu ni wangu kabisa.

Kisha kocha akasema, "Na aliyemfundisha hayo ni mama yake, ambaye hakukosa hata alfajiri moja." Nikasimama. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa uwanja, kopo mkononi, nilipoona binti yangu tayari anatembea juu ya zulia lililotandikwa kwenye barafu, maua mkononi, ameshikana mkono na yule mama jirani. Watu wote wanapiga makofi.

Sijui shetani gani alinisukuma. Nilipita. Nilimfikia, nikapiga kigelegele, nikamwaga poda kichwani, mabegani, mpaka ikaanguka kwenye barafu yao. Makofi yakakatika, halafu wengine wakacheka. Wanaume wawili wakaja na vifaa vya kukwangua, mechi ikacheleweshwa kwa ajili yangu. Binti yangu hakunipigia kelele. Alijipangusa taratibu, na yule mama akamsaidia kupangusa nywele. Hilo ndilo lililoniua.

Baada ya mechi, kwenye maegesho, nilimuuliza, "Mimi ni nani kwako?"

Akajibu akitazama chini. "Ni mama yangu. Lakini weye ulikuwa kazini. Ye ndiye alikuwa ananionaka nikianguka."

Nikamwambia kazi ile ilikuwa kwa ajili yake. Akasema, "Najua, mama." Angenitukana ningejua pa kushika.

Mdogo wangu wa Louisville nilimlilia kwenye simu. Akasema, "Bon, dada, mutoto iko muzima, iko anasoma, unalia nini? Wa wengine iko jela." Mume wangu naye anasema niliyataka mwenyewe na poda yangu. Na ninyi najua mtaniandikia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Andikeni. Nimeshajiandikia mwenyewe kila siku nikifunga maboksi.

Sasa mahafali yanakuja, na baada yake anahamia mbali sana kuchezea timu ya kulipwa. Amesema nije, ila yeye atakaa na yule mama mbele, mimi nitatafutiwa nafasi nyuma, na poda nisilete. Nikimwambia siji, naogopa atapumua kwa nafuu. Nikienda, nitakaa nyuma nikitazama mgongo wa mwanamke mwingine. Njia ya tatu siioni, na nimeomba hadi magoti yamechubuka.

Niambieni wazazi wenzangu, niende au nibaki? Maana siku ile maegeshoni, nikiwa nafungua mlango wa gari, alinikumbatia vizuri tu, poda bado iko shingoni mwake, akaniambia, "Asante kwa kuja, mama." Kwetu maneno hayo anaambiwa mgeni.