Mama Mkwe Hatumii Maji

Mume wangu ni profesa wa uhandisi wa maji na nishati, na mimi ni mtu wa kusimama kando ya mabwawa. Katika picha zetu zote tangu fungate nipo pembeni, mdogo kama punje, nyuma yangu ukuta wa zege au lango la chuma, kwa sababu bwawa lisilo na mtu kando yake halionyeshi urefu. Dada yangu aliwahi kupekua albamu nzima akauliza kama shemeji yake anaijua sura yangu. Profesa akamjibu kwa upole kwamba sura haisaidii, kinachotakiwa ni kimo, na kimo changu anakijua vizuri.

Kazini anafundisha vijana jinsi maji yanavyoshuka na kuwa umeme. Wanamwita Mita, jina wanalodhani halijui. Analijua, na linampendeza. Maabara yake ina mfereji mrefu wa vioo ambamo anaweza kuleta mafuriko kabla ya chai na kuyakausha kabla ya kikao cha idara. Vikao vyenyewe ndivyo vilivyomshinda kukausha. Jumapili, watu wengine wanapopunga upepo, sisi tunakwenda kukagua makalavati. Anainama, anachungulia ndani, anasema hili lilipimwa na mtu mvivu, kisha tunarudi nyumbani roho yake imetulia.

Nyumba yetu nayo ni maabara, ila ina vitanda. Juu ya paa kuna paneli na hita ya jua. Choo kinatumia maji ya mvua kutoka tangi la nyuma. Mabomba mengine yote yana mita, kila moja na yake: jikoni, bafu letu, bafu la binti yetu, bafu la wageni. Birika linajazwa kwa vikombe vya watu waliopo, na anayetaka cha pili atoe taarifa mapema. Binti yetu ana nywele nyingi, kwa hiyo amezoea kusomewa matokeo ya mita yake mezani, hata mbele ya rafiki zake.

Halafu kuna koki. Zetu ni za kubonyeza: unakandamiza kichwa chake, maji yanatoka kidogo, kisha inajifunga yenyewe. Springi za dukani aliziona legevu, akazing'oa na kutia ngumu zaidi, ili mtu abonyeze akiwa na shida kweli ya maji. Wageni wanaonyeshwa koki kabla ya kuonyeshwa kiti. Nimeolewa na mtu huyu kwa hiari yangu, sina wa kumlaumu.

Mama yake alikuja kwetu baada ya kuanguka akiwa peke yake nyumbani kwake. Daktari alisema asiishi tena bila mtu. Profesa alikuwa amembembeleza miaka na mikaka aje, naye alikuwa akikataa, kwa hiyo siku aliposhuka kwenye gari na begi lake mume wangu alifurahi mpaka akasahau kusoma mita. Alimtayarishia bafu la wageni kwa mikono yake. Alipaka rangi, akafunga vyuma vya kushikia ukutani sawasawa na kiwiko cha mama, na kwa heshima akamwekea springi mpya kabisa.

Mama mkwe ni mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Hakulalamika chakula, hakulalamika kelele za binti yetu. Wiki za mwanzo zilikwenda shwari. Kisha jioni moja, tukiwa mezani, Profesa alitangaza kwamba bafu la mama limetumia maji karibu na sifuri. Alisema hajawahi kuona nidhamu ya namna hiyo katika maisha yake ya kazi. Akamgeukia binti yetu, akamwambia ajifunze kwa bibi yake. Binti yetu alitazama sahani. Mama mkwe naye alitazama sahani, kisha akasema taratibu kwamba anafikiria kurudi kwake.

Profesa aliacha kula. Alimuuliza kama chumba kina joto, kama godoro linamuumiza, kama kuna mtu amemkosea. Mama akajibu kila swali kwamba hapana, mwanangu, kila kitu ni kizuri. Chumbani kwetu aliniambia kwamba mama akirudi kule ataanguka tena, na safari hii hakuna atakayemwokota. Aliogopa, na mimi niliogopa kumwona akiogopa, maana si kazi yake ya kawaida.

Kesho yake mchana nilimpelekea mama mkwe chai nikasahau kubisha. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevua blauzi, anachovya kitambaa ndani ya glasi ya maji ya kunywa na kujipangusa makwapa. Alijifunika haraka. Sikuhitaji kuuliza sana. Vidole vyake vimepindishwa na baridi yabisi, na ile koki mpya, hata akiilalia kwa viganja viwili, haisogei. Tangu afike alikuwa akioga kwa glasi. Nilipandwa na hasira nikainuka nimfuate Profesa hukohuko kazini, lakini mama alinishika mkono.

"Usimwambie, mwanangu," alisema. "Ameziweka kwa furaha."

Niliahidi, na tangu siku hiyo nikawa nambebea ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni mchana, nyumba ikiwa tupu. Sijaumbwa kuweka kitu moyoni. Mama alikuwa anaoga, lakini begi lake lilibaki mlangoni, limefungwa tayari kwa safari, na kila nilipomwinamia na ndoo aliniomba radhi, mtu aliyemzaa mume wangu ananiomba mimi radhi kwa kuoga.

Wiki haikuisha. Mezani tena, Profesa alisema bafu la mama sasa limefika sifuri kamili, na kwamba angependa, bila kutaja jina, kulitumia kama mfano kwenye mhadhara wake. Alisema vitabu vimekuwa vikikadiria vibaya mahitaji ya mwanadamu. Mama mkwe akatabasamu kwa adabu. Hapo nilifika mwisho. Niliahidi kutosema, sikuahidi kutouliza.

"Profesa," nikamwambia, "mtu anayetumia sifuri anaoga na nini?"

Alinitazama, akamtazama mama yake, akatazama mikono ya mama yake juu ya meza. Aliinuka bila kumaliza chakula, akachukua mizani yangu ya kupimia unga na kuingia nayo bafu la wageni. Tulisikia koki ikilia mara moja, mara mbili, mara tatu. Alirudi, akaiweka mizani mbele ya mama, akamwomba abonyeze kwa nguvu zake zote. Mama alidhani ni agizo la daktari. Aliweka mikono yote miwili, akakandamiza mpaka mabega yakatetemeka. Mshale ulipanda kidogo ukasimama. Profesa akamwomba arudie, kwa sababu kipimo kimoja kwake si kipimo. Mshale ulisimama palepale, chini sana ya nguvu ambayo koki ile inataka.

Alikwenda kuchukua spana, akang'oa koki zote za bafu lile, na akafunga zile za kawaida zenye mkono mrefu zilizokuwa zinalala stoo. Kisha akafungulia maji mwenyewe, akasubiri mpaka yakawa ya moto, akamwita mama yake.

Mama mkwe alioga. Alioga muda mrefu, maji yakimiminika bila kukatika, na tukamsikia anaimba kidogo kwa sauti ya chini. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha korido akisikiliza, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali.

Alipotoka, amejifunga taulo mabegani, uso umelainika, Profesa alimkalisha kitandani na kupiga magoti amvalishe kandambili. Akamuuliza kama bado anataka kuondoka. Mama akasema aondoke kwenda wapi, na maji matamu namna hii. Binti yetu akacheka, nami nikacheka kwa ahueni. Profesa alimvalisha kandambili ya kwanza.

"Lakini mama," akasema akiwa bado ameinama, "kwa nini hukuniambia?"

Mama alimshangaa kweli. Hakukuwa na lawama usoni kwake, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nikuambie nini, mwanangu? Wewe si unapima kila kitu humu ndani? Nilijua unajua."

Mume wangu alibaki pale sakafuni na kandambili ya pili mkononi.