Pale Bahari Ilipopaa

Lugoba tuna sheria moja ya sinema ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: steringi, shujaa wa muvi, hafi. Adui atakufa, rafiki wa steringi atakufa, na mara nyingi shemeji yetu, yaani mchumba wa steringi, naye atakufa ili steringi apate hasira. Lakini steringi mwenyewe hafi. Ndiyo maana ile muvi ya mashine zilizokunywa bahari ilituvuruga kabisa. Steringi aliingia na chombo chake cha angani katikati ya ukuta mweusi, kioo cha runinga kikawa giza, majina yakaanza kupanda, na watu wakabaki kwenye mabenchi wakimtazama baba yangu.

Baba ndiye aliyekuwa mtafsiri. Banda letu la video lilikuwa la bati, nyuma ya nyumba yetu, jirani na barabara kuu iendayo Segera, na madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi ili mchana ugeuke giza. Yeye alisimama kando ya runinga, maiki mkono mmoja, rimoti mkono wa pili, akitusimulia kwa Kiswahili kila walichosema wazungu. Siku hizi muvi nyingi huja zimeshatafsiriwa na madijei wa Dar es Salaam, sauti zao zimo humohumo, lakini watu wetu walimtaka baba awatafsirie papo kwa papo. Kiingereza chake alikiokota shule ya misheni huko Tabora na hakukimaliza. Asipoelewa alitia cha kwake, na cha kwake mara nyingi kilikuwa kitamu kuliko cha wenyewe. Akiona watu wameachwa nyuma, alisimamisha picha, akaeleza nani ni nani, ndipo akaendelea. Na kila muvi aliianza kwa maneno yaleyale: "Haya watazamaji, kaeni mkao wa kula!"

Siku ile ya ukuta mweusi alisogeza maiki mdomoni. "Watazamaji, msilie. Ule si ukuta, ni mlango. Na mlango una pande mbili. Pati tuu ikija itatuambia." Hakuna aliyemwambia kwamba sehemu ya pili ipo. Aliibuni pale pale, kwa huruma.

Hapo ndipo vita vya maoni vilipoanza, na viliendelea kwa miaka. Dereva mmoja wa bodaboda, kijana mwenye hesabu kali, alishikilia kuwa steringi amekufa, kwa sababu chombo kile hakikujazwa mafuta hata mara moja tangu mwanzo wa muvi. Wengine walisema sheria ni sheria. Mama mmoja aliyetoka kwenye foleni ya maji na madumu yake alisema mashine zile zingeanzia Lugoba zingekufa kwa kiu. Mimi nilikuwa upande wa bodaboda. Nilisema steringi amekufa na afadhali abaki amekufa, kwa maana pati tuu ni kiporo. Wakanizomea: kiporo ndicho kitamu, na chai ya asubuhi!

Lakini maoni aliyoyasubiri baba yalikuwa ya mtu mmoja tu. Alikuwa mama wa Kikwere, muuza maandazi, aliyekaa siku zote benchi la mbele na ndoo yake miguuni. Sisi ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi na watu wa huku ni watani tangu enzi za misafara iliyoshuka Bagamoyo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Yeye ruhusa hiyo aliitumia yote, hakubakiza hata ya kesho.

"Wee Mnyamwezi!" alikuwa akianza, muvi ikiisha tu na watu wakitoka nje. "Babu zako walishuka huku wamebeba pembe mabegani, wewe umeshuka umebeba uongo mdomoni! Yule mwanamke kalia muda wote ule, wewe umetuambia neno moja tu, 'ana huzuni'? Huzuni hata mbuzi wangu kaiona!"

Baba alijibu, naye akajibiwa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jioni, wakati wa kula, baba alituuliza kwa furaha kabisa, "Mmesikia mtani alivyonichamba?" Na muvi iliyofuata, mwanamke akilia, baba alisimamisha picha na kueleza kilio chote, kilitoka wapi na kinakwenda wapi. Nilikuwa nikimtazama mtani pale mbele. Hakugeuka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Kisha baba akaugua koo. Hospitali kubwa ya Dar walimtoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono ambao ulisikika tu kama umemtegea sikio mdomoni. Mimi wakati huo nilikuwa Bagamoyo mjini, nashona nguo. Nilifunga cherehani yangu nikarudi nyumbani kumuuguza na kuendesha banda, ambalo sasa lilionyesha mpira na muvi za madijei, na nusu ya mabenchi yalikuwa wazi.

Watu walikuja kumjulia hali. Waliingia kwa kunyata, wakazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba aliyepoteza ni masikio. Mtani naye akaja, amefunga maandazi ya moto kwenye kitambaa. Nilimsalimia, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamvutia kiti karibu na baba. Nikasubiri amtukane. Baba pia alisubiri, nilimwona alivyojiinua kwenye mto.

"Pole sana, kaka," akasema. "Tunakuombea dua. Ulikuwa unatafsiri vizuri sana."

Basi. Alikaa kidogo, akatazama kitambaa chake cha maandazi, akaaga. Nadhani alilitafuta neno la utani akalikosa, maana mlangoni alisimama, akageuka, kisha akaenda zake. Baba alinivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Mtani amenizika," akanong'ona.

Tangu siku hiyo baba hakukanyaga banda. Nilimkasirikia yule mama, nikawakasirikia wageni wote na sauti zao za chini, na nakiri hata Mungu sikumwacha. Baba alikula, alimeza dawa, kidonda kilifunga vizuri. Lakini alichokihitaji hakikuuzwa duka la dawa. Alitaka kuchambwa. Na nani atamchamba mtu asiyeweza kujibu?

Ndipo pati tuu ikaja. Yule wa bodaboda aliitoa Chalinze kwenye flashi, akaingia uani akipiga honi na kupiga kelele kwamba ipo, ipo, mlango una pande mbili! Ilikuwa imeshatafsiriwa na dijei wa Dar. Habari zikaenea, na Jumamosi alasiri banda likafurika. Hata waliokuwa wamehamia Vigwaza walirudi. Mtani alikuwa benchi la mbele, ndoo miguuni. Nilimbembeleza baba aje akae tu, atazame kama wengine. Akageukia ukutani.

Nikaiwasha. Yule dijei alikuwa fundi, nisimnyime haki yake. Hakuacha neno hata moja. Lakini banda lilikuwa kimya. Watu walitazama, hawakucheka, hawakupiga mayowe, hawakumwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wa bodaboda akaniinamia. "Anakijua Kiingereza, dada," akasema. "Ila hajui sisi ni akina nani."

Baba nyumbani alikuwa anasikia. Miaka yote, hata akiwa amelala na homa, alijua muvi imefika wapi kwa kelele za watu. Siku hiyo alisikia bati tupu, na baadaye aliniambia kimya kile kilimuuma kuliko kisu cha daktari. Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga ukaingia, na baba akasimama pale na taulo shingoni. Akachukua rimoti mkononi mwangu. Akairudisha muvi mwanzo, kisha akaizima sauti.

Alikwenda mahali pake kando ya runinga, akaishika maiki, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nadhani kwa dakika moja alikuwa amesahau. Aliishusha maiki polepole, na mimi nikatamani ardhi inimeze, maana nilimwona baba yangu amesimama mbele ya watu wote bila silaha yake.

Akabonyeza rimoti. Picha ikasimama kwenye uso wa steringi, nywele zote nyeupe. Baba akaunyooshea kidole, kisha akajipapasa kidevuni mwenyewe, akavuta ndevu ambazo hana.

"Steringi... amezeeka?" akauliza wa bodaboda.

Baba akatikisa mkono: bado, ongeza.

Kutoka nyuma sauti moja ikaigiza mtindo wake: "Haya watazamaji, kaeni mkao wa kula!" Banda zima likacheka. Mwingine akadakia, "Steringi wetu amezeeka kwa kukosa maji!" Baba akainua dole gumba na picha ikaondoka.

Sijui niielezeje alasiri ile. Baba alisimamisha, akaonyesha, watu wakasema. Wakikosea, alitikisa kichwa, akarudisha nyuma, akaonyesha tena jicho la adui au mkono uliojificha, mpaka mmoja akapatia. Wakipatia, picha ikaenda. Walitumia maneno yake yote: "kumbe adui ni ndugu", "hapo ndipo alipoyakoroga", "shemeji, kimbia!" Maneno aliyoyamwaga kwenye banda lile miaka yote, nikaona hayakumwagika bure, watu waliyaokota wakayaweka. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Mtu mmoja alipoteza sauti, na sauti ilikuwa hapa, kwenye mabenchi, imegawanywa. Mtani tu ndiye hakusema neno.

Kisha bahari ikapaa. Steringi alikuwa amelifikia dude kuu lililoficha maji ya dunia nzima, akalipasua, na maji hayakumwagika chini. Yalipanda. Bahari nzima ilinyanyuka kutoka tumboni mwa lile dude, na samaki wake, na meli zilizozama zamani, ikapita juu ya mji mkavu, jua likiangaza ndani yake, na watu wadogo huko chini wameinua nyuso. Nilipokuwa Bagamoyo bahari niliiona kila siku, na nilihisi kama sijawahi kuiona. Mimi niliyesema pati tuu ni kiporo niliziba mdomo kwa kanga.

Nikamtazama baba asimamishe. Hakusimamisha. Alikuwa ametupa mgongo, rimoti inaning'inia mkononi, uso umeelekea kwenye kioo kama mtoto. Nje lori lilipita kuelekea Segera na bati likatetemeka, na hata hapo hatukugeuka. Maji yalipita juu yetu mpaka yakaisha.

Steringi hakufa. Sheria ni sheria.

Watu wakatoka nje, jua bado liko juu ya barabara, na vita vikaanza upya. Wa bodaboda alisema hii ya pili ni bora kuliko ya kwanza, ila suala la mafuta bado halijajibiwa. Wengine walisema adui wa safari hii ni laini. Wengi walimzunguka baba, wakamshika mkono, wakamwambia hongera, Mungu ni mwema, tumefurahi kukuona. Alitabasamu kwa kila mmoja, na nikaona tabasamu linavyochoka. Zilikuwa pole zilezile, zimevaa nguo ya sikukuu.

Mtani akapasua katikati yao na ndoo yake.

"Wee Mnyamwezi!"

Watu wakageuka.

"Kwanza umetuchelewesha. Rudisha, rudisha, kama unasaga mtama! Maandazi yangu yamelala humu ndani. Pili, yule shemeji kafa mapema na hukutuambia alikuwa na mimba, mimi nimeiona mwenyewe. Lakini hayo nakusamehe. Pale bahari ilipopaa!" Aliweka ndoo chini na kushika kiuno. "Pale penyewe, tumengoja miaka yote ile, dunia nzima inapaa, nakutazama wewe utuambie, na wewe umetupa mgongo, kimya! Mbona ulinyamaza? Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Nilimwona anavyosikia maneno yake mwenyewe. Mkono ukaruka mdomoni. Alikuwa amesahau. Kwa alasiri nzima alikuwa amemsikiliza baba, na alikuwa amesahau kabisa.

Baba alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yanatikisika. Nilikimbia nikidhani kidonda kimefunguka. Alikuwa anacheka. Hakikutoka chochote isipokuwa pumzi, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye taulo. Akaninasa kiganja, akanivuta sikio, akaninong'oneza, na mimi nikawa kipaza sauti chake.

"Anasema," nikawaambia, "anasema pale hata zamani, alipokuwa na sauti yake yote, angenyamaza."

Mtani alifuta macho kwa pindo la kanga, haraka, kama anayefukuza nzi. Kisha akainua ndoo yake kichwani.

"Basi angetuambia kwamba ananyamaza," akasema. "Mtafsiri gani huyu?"

Jioni ile, kabla hata sijapakua ugali, baba alinivuta tena sikio. Nilijua atakachouliza, nikamjibu kabla hajauliza. Nimesikia, baba. Nimesikia alivyokuchamba.