Kifo cha Okelo Ziwani Elmenteita

Kilichoonekana kwanza kwa Joash Nyongesa kilikuwa meno, na hayakuwa yake. Yalikuwa yamechora nusu duara kwenye mkono wake wa kulia, makovu manene yaliyoonekana hata mkono ulipojaa vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi. Wageni walimwuliza ni mnyama gani. "Ni mtu," aliwajibu, akaendelea kupiga sururu.

Joash hakumjua mtu huyo hata jina. Ilikuwa wakati wa vita, katikati ya bahari, meli iliyowapeleka askari Burma ilipopasuliwa na bomu la nyambizi. Mafuta yaliwaka juu ya maji. Waliosalia hai walipandiana kama ng'ombe kwenye josho, na mmoja akamng'ata Joash ili amnyang'anye ubao. Joash alimpiga kwa kichwa, tena na tena, mpaka meno yakaachia. Mfa maji haachi kutapatapa, na pale walitapatapa mamia.

Karibu naye alikuwa Okelo, rafiki yake wa kikosi. Okelo alifikia chelezo kimoja cha kuokolea watu akashika kamba yake, lakini chelezo kilikuwa kimejaa. Mtu aliyekuwa juu aliinua kasia akamponda vidole. Okelo hakuachia. Akapigwa utosini. Hapo aliachia, akamtazama Joash kana kwamba anataka kumwuliza jambo dogo tu, akazama.

Vita vilipokwisha, Joash alifunga safari hadi Nyanza kumweleza Ogola, kaka mkubwa wa Okelo. Ogola alikuwa amekwisha kusikia habari za askari waliobaki Ceylon na wanawake wa huko.

"Mwili uko wapi?"

"Baharini, mzee."

"Na wewe ulikuwa unaogelea kwa raha zako huku ukimtazama?" Ogola alimshika mkono, akayaona makovu, akawageukia watu wa boma. "Oneni! Haya ni meno ya mwanamke! Anamwua ndugu yangu kwa mdomo ili amrithi mkewe."

Bakora ya kwanza ilimpata shingoni. Vijana walimalizia kwa mateke, na Joash akarudi Bonde la Ufa na mbavu zilizovunjika, akitema damu dirishani mwa treni.

Kwa Wajaluo, mtu akipotelea majini huzikwa yago mahali pake, tunda refu la porini, zito kama mtoto mchanga. Ila yago halizikwi kwa ajili ya mtu aliye hai. Ogola alikataa katakata. Kwa hiyo Anyango, mke wa Okelo, hakuwa na mume wala hakuwa mjane, na mwanawe Ouma hakuweza kugawiwa shamba la baba ambaye, kwa maneno ya ukoo, angerudi wakati wowote. Anyango alifunga mzigo wake akamfuata mtu pekee aliyesema ukweli. Akawa anauza uji langoni pa machimbo, jambo lililozidisha maneno kule nyumbani.

Mwaka wa hamsini na sita, watu wa sinema walifika Ziwa Elmenteita. Walikuwa wakitengeneza picha ya maisha ya kweli ya kapteni mmoja Mzungu aliyeokoka baharini. Bahari yenyewe ilikuwa na mawimbi yaliyotikisa kamera, lakini Elmenteita lilikuwa kimya, na mtu akipiga magoti maji yalimfika shingoni. Walihitaji Waafrika wa kuzama.

"Nani hapa anajua kufa?" aliuliza Kosgei, nyapara wa machimbo, na watu wakaangua kicheko. "Nyongesa, wewe una ujuzi!"

"Tafuta mwingine," Joash alisema.

Anyango aliweka upawa chini. "Shemeji, nenda."

"Mama Ouma, ule ni mchezo."

"Wamesema ni maisha ya kweli. Ogola aliapa ataamini siku atakayoona kwa macho yake. Basi mwonyeshe. Ufe kama Okelo alivyokufa, usipunguze kitu."

Kosgei alivishwa sare akapandishwa kwenye chelezo na kasia. Mkubwa wa picha alieleza kupitia mkalimani kwamba askari aachie kamba polepole huku kapteni akimwomba Mungu. Mara ya kwanza Joash aliachia polepole. Aliinuka, magadi yakimchoma macho.

"Sivyo," alimnong'oneza Kosgei. "Sasa nipige. Vidole kwanza, halafu hapa." Akagusa utosi.

"Umerukwa na akili? Nitakuua, bwana."

"Piga tu."

Kamera ilipoanza tena, Kosgei aligusa vidole vyake kama anayefukuza nzi. Joash alitema maji.

"Hizo ndizo nguvu zako? Mamako anasonga ugali kwa nguvu kuliko wewe!"

Kasia lilishuka. Vidole viwili vilivunjika kama kuni kavu, na Joash akazidi kung'ang'ania kamba. Kosgei, uso umemwiva kwa hasira, akapiga tena. Ngozi ya kichwa ilipasuka. Mzungu aliyeigiza kapteni alipiga yowe la kweli. Mkubwa wa picha aliinua mkono, si kusimamisha bali kuwahimiza wa kamera waendelee. Joash alimtafuta Anyango ukingoni, akamtazama kama Okelo alivyomtazama yeye, akazama. Alibaki chini, magoti matopeni, mpaka Kosgei aliporuka majini na kumvuta kwa ukosi akilia, "Nimeua mtu! Nimeua mtu!"

Maji yaliwazunguka mekundu. Anyango aliinama juu yake.

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

Anyango alikaa matopeni akaanza kumlilia mumewe, kwa sauti kubwa, mbele ya wageni wote.

Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba gari la sinema lingeonyesha picha hiyo mjini Nakuru, uwanja wa mpira, Jumamosi. Anyango alituma habari Nyanza kwamba humo Okelo angeonekana akifa. Jibu la Ogola lilikuja kwa mdomo wa mpwa wake: "Nikimwona ndugu yangu akifa, yago nitalikata mwenyewe. Nikiona upuuzi, huyo Nyongesa hatarudi kwa miguu yake."

Jumamosi jua likiwa bado juu, Ogola alifika na wazee wawili, wakaketi mstari wa mbele. Joash aliketi nyuma yao. Uso ambao ungetokea kwenye shuka nyeupe ya kuonyeshea picha ulikuwa wake, si wa Okelo.

"Tumwambie kabla?" alimnong'oneza Anyango.

"Usimwambie. Atazame kwanza."

Vijana wa gari walifunga ncha ya mwisho ya shuka. Mtu mmoja mrefu akasimama mbele kuwasaidia. Ogola alimpigia kelele:

"Wewe wa kofia, kaa chini! Ndugu yangu anakuja."