Mnyamwezi Aliyezikwa Bila Utani

Jumamosi asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu simu ilipoita, na kabla sijasema haloo mtu wa upande wa pili akaniambia yule mama wa kompyuta wa kampuni ya mizigo amefariki. Sikuuliza yupi. Nilimaliza upande mmoja wa kidevu, upande wa pili nikauacha, nikakaa kitandani na taulo shingoni. Kampuni yenyewe sitaitaja, maana wana mwanasheria na mimi sina. Inatosha mjue kwamba inabeba vifurushi na magunia ya watu kutoka hapa Tabora kwenda Nzega, Igunga na mbele zaidi, na kwamba marehemu alikuwa mkuu wa kitengo chake cha kompyuta mpaka walipomwondoa. Mhariri wangu akiona neno "walipomwondoa" ni kali, naomba aliache hivyo hivyo. Nimeshalipunguza.

Nilimfahamu kwa sababu ya asali. Binti yangu anafundisha Igunga, na kila asali mpya ikitoka porini huwa namtumia kidumu. Safari moja kidumu kilipotea, nami si mtu wa kupotelewa na asali kimya kimya. Nilipiga kelele mapokezi mpaka akatoka yeye mwenyewe, mama wa makamo, mfupi, amevaa sweta jua la Oktoba likiwaka, kwa kuwa chumba cha mitambo yao kina baridi ya kiyoyozi. "Mzee, shikamoo. Ingia ndani ugombe ukiwa umekaa," akaniambia. Tangu siku hiyo nikawa naingia nyuma kwake kila nikipita mtaa wao wa Gongoni, hata nikiwa sina mzigo. Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, anakukatia simu kabla hujamaliza kuaga, na sukari ya ofisi aliifungia kabatini. Lakini nimekaa katika ofisi nyingi katika kazi hii ya kuandika, na sijaona nyingine ambayo watu walikuwa wanasema kweli kwa wepesi namna ile.

Siku moja nilikuwepo mambo yalipoharibika. Mizigo yote ya Nzega ilikuwa inaonekana kwenye mtambo kwamba imeshafika, wakati magari yalikuwa bado yanapakia pale nje. Mtu alikuwa amegusa kitu, na vijana wote wakainamia kompyuta zao kama wanafunzi waliosikia mwalimu mkuu anakuja. Mama yule hakuuliza nani kafanya. Alimgeukia kijana mmoja Mzaramo, fundi wa mitambo, akamwambia, "Mtani, nitafutie mchawi." Mzaramo akasimama, akaanza na bosi wake mwenyewe. "Mchawi ni wewe Mnyamwezi! Nyie mmezoea kubeba mizigo begani, nani kawadanganya mnaweza kuibeba kwenye kompyuta?" Naye akajibiwa kwamba Mzaramo hana haki ya kusema, maana kwao kazi ni kulala chini ya mnazi na kungoja nazi idondoke. Kisha Mzaramo akapita meza hadi meza akimshitaki kila mtu kosa la ajabu kuliko la mwenzake, mimi nikashitakiwa kuwapumbaza watu kwa asali. Watu walipokuwa wamecheka mpaka machozi, binti mmoja akainua mkono. "Ni mimi. Nilidhani nipo kwenye ile sehemu ya kufanyia majaribio." Basi. Wakarekebisha hata chai haijapoa, na adhabu ya binti ikawa kuwamiminia wenzake hiyo chai.

Nilimuuliza baadaye kama huo ndio uongozi wanaofundishwa vyuoni. Akaniambia chuoni alifundishwa kwamba kiongozi amwite mkosaji pembeni, azungumze naye kwa staha. "Nikamwita mmoja pembeni, mzee wangu. Akaniheshimu sana. Akanidanganya toka mwanzo mpaka mwisho." Alikuwa ameelewa jambo ambalo wakubwa wengi hawalielewi, kwamba kwetu heshima ndiyo inayoficha kosa. Kijana anayekuamkia vizuri hawezi kukutazama usoni na kukwambia ameharibu. Na kwenye kompyuta kosa lililofichwa leo kesho ni kubwa zaidi, maana mtambo unaendelea kulifanyia kazi kana kwamba ni kweli. Kwa hiyo alichukua kitu alichokikuta hapa hapa. Njia hii ya zamani ya misafara, inayotoka pwani ikapita Tabora kwenda ziwani, ndiyo iliyotuachia watani tulio nao. Watu wasiojuana walitembea pamoja miezi mingi, wakalala njaa pamoja, wakachokana. Walihitaji namna ya kuambiana ukweli bila kuchomana visu, na tusi la mtani likawa ndiyo namna yenyewe. Yeye aliona ofisi ya kompyuta haina tofauti kubwa na msafara, akautia utani kazini kama wengine wanavyotia mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli.

Halafu akaletwa meneja mpya kutoka Dar es Salaam. Kijana msafi, ana adabu, na sina haja ya kumsingizia ukatili ambao hakuwa nao. Alikuja na mfumo mpya wa kusimamia wafanyakazi. Kila hitilafu inaingizwa humo pamoja na jina la aliyeisababisha, alama zake zinapungua, na mwisho wa mwezi majina yanapangwa kwenye skrini ukutani, wa kijani juu na wa nyekundu chini. Mama alimwambia mbele ya watu kwamba skrini hiyo itawafundisha vijana kuficha. Meneja akatabasamu, akasema takwimu hazifichiki. Wiki hiyo hiyo mama alichelewa kidogo kufika kazini, na Mzaramo, kwa mazoea, akaandika kwenye grupu la ofisi: "Mtumwa wangu hajafika, nani kampa ruhusa?" Meneja alikuwa ndani ya grupu. Wakaitwa wote wawili. Mama alimweleza habari za utani, na jibu alilopewa alinisimulia mara nyingi, kila mara akiwa na hasira upya. "Naufahamu utani, mama. Hata kwetu upo. Ila kwenye mfumo hauna kipengele." Mzaramo akapewa onyo kwa lugha ya kudhalilisha, mama akapewa onyo kwa kuiruhusu, na utani ukapigwa marufuku eneo la kazi.

Ofisi ikanyamaza. Nilipokwenda na kidumu changu nilikuta watu wanaandikiana ujumbe wakati wamekaa meza jirani. Skrini ukutani ilikuwa kijani tupu, meneja anawaonyesha wageni. Miezi ikapita hivyo, mpaka radi ya masika ilipopiga ikaunguza seva, yaani ile kompyuta kuu iliyobeba habari zote za mizigo. Jambo hilo hutokea, na ndiyo maana kila siku mtambo hutunza nakala ya kila kitu pembeni. Walipoifungua ile nakala wakakuta haina kitu cha majuma mengi. Ilikuwa imeacha kujitunza tangu mtu alipobadilisha neno la siri akasahau kulibadilisha na upande wa nakala. Aligundua kosa lake siku chache baadaye, akapiga hesabu ya alama zake, akanyamaza. Hakujua radi inakuja. Magunia yakajaa bohari ya Tabora na ya Nzega, hakuna anayejua la nani, wakulima wanatukanana na makarani getini.

Meneja alitaka jina, kwa kuwa mfumo una sehemu ya kuandika jina. Mama akamwambia aandike la kwake. Akavuliwa ukuu wa kitengo, akapelekwa mapokezi kubandika lebo kwenye vifurushi, mwanamke aliyeujenga mtambo ule tangu kampuni ina chumba kimoja. Nilimkuta hapo, sweta hana tena, mezani kuna gundi na mkasi. Nikamuuliza kama anamjua aliyefanya. "Namjua. Alikuja kwangu akalia." Kwa nini basi asimtaje? "Nikimtaja nitakuwa nimekubali kwamba ile skrini ina akili. Huyo mtu hakuwa mwoga, mzee. Wamemfanya kuwa mwoga, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikiwa mkuu wake." Akabandika lebo ya kidumu changu imepinda, akaibandua, akaibandika tena. Sisemi kwamba kampuni ilimuua. Daktari alisema ni shinikizo la damu, na mimi si daktari. Nasema tu kwamba mapigo ya moyo wa mtu anayeonewa nayo hayana kipengele kwenye mfumo.

Tulimzika Itetemia, kwenye shamba la familia, baada ya ibada ya Kimoraviani. Kampuni ilileta shada, maturubai na wafanyakazi wote wamevaa fulana zenye nembo. Meneja akasoma salamu za rambirambi. Alisema marehemu alikuwa nguzo. Alisema alipenda ubunifu. Kisha akasema kwamba mwaka huu marehemu aliomba kwa hiari yake kuhamia huduma kwa wateja, ili awe karibu na wananchi. Nilisikia wanawake waliokaa mkekani wakiguna. Hapo ndipo kila mtu alipoangaza macho kutafuta watani. Kwetu mtani ana kazi msibani. Angeweza kumwingilia msemaji na kumwambia "Mwongo wewe, kaa chini!", angeweza kusimama mbele ya jeneza akakataa lisipite mpaka lisemwe jambo la kweli juu ya marehemu, na hakuna mtu duniani, meneja wala mchungaji, ambaye angeruhusiwa kumkasirikia. Mjomba wa marehemu, mzee sana, akapaza sauti. "Watani wako wapi? Mtoto wetu huyu hana watani?" Mzaramo alikuwa pale, hatua chache kutoka kwa meneja, na fulana yake. Akatazama viatu vyake. Mzee akauliza tena. Mchungaji akaendelea na sala, udongo ukaanza kumwagwa, na uongo ule ukabaki ndiyo wasifu wa marehemu.

Nilimchukia yule Mzaramo kwa majuma mawili matatu, na nilikuwa nimeanza kumwandikia safu ya matusi. Kisha akaja mwenyewe nyumbani. Hakukaa kwenye kiti mpaka nilipomlazimisha. "Mzee, lile neno la siri nililibadilisha mimi," akasema. "Nilikuwa na onyo moja tayari. La pili wangenifukuza, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikasema nitalirekebisha wenzangu wakiwa wameondoka, kila siku nikasema hivyo." Nikamuuliza kuhusu makaburini. "Ningesimama na kusema nini? Meneja anadanganya, ni kweli. Na mimi ndiye mwenye kosa lililofichwa ndani ya ule uongo." Ameacha kazi ile, na amenipa ruhusa niandike haya. Akaniambia juzi alirudi Itetemia peke yake, kwenda kumtania marehemu kama alivyopaswa siku ile. Alisimama pale, akamwita mtumwa wake, akamtukana mabega yake ya kubebea mizigo. "Nikangoja anijibu," akasema, kisha akalia kwenye sebule yangu mbele ya mke wangu, naye mke wangu akamletea maji.

Najua wakubwa wa ofisi mnanisoma, maana huwa mnanipigia simu kulalamika. Nunueni mitambo. Bila mitambo mizigo yetu haifiki, na marehemu angekuwa wa kwanza kuitetea. Lakini mkiona skrini zenu ni kijani tupu na hakuna mtu aliyekosea kwa miezi, msiwaonyeshe wageni. Nendeni mkamtafute mtu mmoja katika ofisi yenu anayeweza kuwaambia usoni kwamba mmekosea, kisha kesho yake akaja kazini bila wasiwasi. Kama mnaye, mtunzeni kuliko seva. Kama hamna, basi fahamuni kwamba kuna jambo limeshaharibika humo ndani na kila mtu analijua isipokuwa ninyi, na siku mtakayoondoka duniani atasimama mtu na karatasi, asome uongo juu yenu, na watu waliowapenda watatazama viatu vyao.