Samaki kumi na saba wa Walikale niliowatia kwenye bwawa la Mama Bahati

Wakuu, nawasalimu wote, na nyinyi wenzangu wa Kivu mnaosoma kimyakimya kila siku bila kuchangia, nimewaona.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu. Pale nitakapokuwa nimesahau nitasema nimesahau, maana nina miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, na sina nguvu ya kutunga.

Picha hakuna. Siku zile mwenye kamera alikuwa padri, na hakupiga samaki.

Nimeguswa na uzi wa yule mkuu ambaye samaki wa bwawa lake wanapungua na hajui nani anawachukua. Mmemjibu mengi: fisi maji, ndege, jirani, shemeji. Sijaona aliyemuuliza kama aliwaangalia vinywa siku aliyowanunua.

Mimi sikuwaangalia. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, mchuuzi mdogo. Nilichukua chumvi na maharage pale Sake, nikapandisha Masisi, nikateremka kwa kamioni hadi Walikale, nikarudi na mawese.

Nilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, kupatana bei hadi muuzaji anasahau alitaka nini. La pili, kuhesabu kila kitu mara mbili. Mayai mara mbili, mikungu mara mbili. Siku ya harusi ya dada yangu nilihesabu wageni mara mbili, na mara ya pili walikuwa wameongezeka.

Sasa, Mama Bahati.

Alikuwa mjane wa rafiki yangu, mtu aliyenifundisha njia ya Walikale. Mume alimwachia kipande cha bonde chini ya kilima, upande wa Masisi unaoteremka kwenye joto. Ndipo alipolima madimu na maharage, na ndipo watoto wake walipokula.

Wakati ule ofisi ya serikali ilitaka kila mwenye bonde achimbe bwawa la samaki. Wewe ukishindwa, bonde linapewa mwingine atakayeweza. Na wa kulipokea walikuwepo, walikuwa wanalipima kwa macho kila Jumapili baada ya misa.

Mama Bahati akachimba kwa mkono wake. Bado samaki.

Majirani walitia tilapia. Mimi nikajiona mjanja. Nikamwambia nitamletea kitu bora: blakibasi. Huyo ni samaki aliyeletwa na wazungu kutoka mbali, kinywa kipana, nyama nyeupe, ukimtia ndoano anapigana kama mwenye haki yake. Mzungu mmoja wa kahawa huko juu alikuwa nao, na mlinzi wa bwawa lake alikuwa anapenda sana chumvi.

Nikaahidi sitini. Monitere, yule Mkongomani aliyezunguka kukagua mabwawa, akaandika kwenye karatasi yake: sitini.

Nikabeba sitini kwenye bidoni, dumu la maji lenye kifuniko. Jua likawaka, njia ikawa ndefu. Wakafika hai arobaini na watatu.

Nikarudi kwa mlinzi kuongeza kumi na saba. Akaniambia mzungu amerudi kutoka kwao, na chumvi imekwisha utamu.

Wakuu, hapa mtu mwenye akili angemwambia Mama Bahati: ni arobaini na watatu, nisamehe. Lakini arobaini na tatu si sitini, na mimi nilikuwa siwezi kulala na hesabu iliyopinda.

Safari iliyofuata nikashuka Walikale. Nje kidogo ya soko nikakuta akina mama wamekinga kijito kwa udongo na majani, wanamwaga maji kwa vikapu ili samaki wabaki chini. Ndivyo wanawake wa kule wanavyovua. Mkubwa wao aliitwa Mama Salome.

Kwenye kapu lake kulikuwa na visamaki virefu, vinang'aa, vizuri kuliko hata vya mzungu. Nikauliza kama anaweza kunipa vikiwa hai. Akauliza vya nini. Nikasema vya bwawa, nitavichanganya na wengine.

Akaacha kikapu chini.

"Kaka, hii samaki iko mubaya. Usiichanganye na zingine. Inakula mupaka ndugu yake."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa langu lote liko hapa.

Katika maisha yangu ya soko nilikuwa nimesikia kila hila. Muuzaji anayesifu, anayelia, anayedai mwingine amekwisha lipa. Muuzaji anayeponda bidhaa yake mwenyewe nilikuwa sijamwona. Nikajiambia, huyu mama ni hatari, hii ni hila mpya. Anavikataza ili nivitamani.

Nikamjibu kwamba kwa kuwa ni vibaya, avipunguze bei.

Alitaka vikombe viwili vya chumvi. Nikampa kimoja. Nikadai na matabishi, kisamaki kimoja cha juu. Akanitazama kwa muda, akanipa.

Nikaondoka na kumi na wanane. Nilihesabu mara mbili. Moyoni nilikuwa nacheka.

Nilipofika Masisi nikahesabu tena: kumi na saba.

Wakuu, kwenye bidoni hakukuwa na maiti. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Kumi na wanane waliingia, kumi na saba wakatoka, na hakuna aliyekufa. Badala ya kujiuliza, nilimshuku Mama Salome, kisha nikamshuku dereva wa kamioni.

Nikawatia. Mama Bahati akauliza mbona hawa wembamba. Nikamwambia ni wa ukoo mmoja na wale, wamechoka na safari.

Arobaini na watatu, jumlisha kumi na saba. Sitini kamili. Hesabu ilikuwa safi. Samaki ndio hawakuwa safi.

(Mkuu aliyeniuliza PM kama siku zile kulikuwa na chakula cha samaki: hapana. Walikula nyungunyungu, panzi na kumbikumbi.)

Mwaka wa kwanza haukuonyesha kitu. Mwaka wa pili, Mama Bahati akaanza kuniambia wanaokuja kula ni wachache. Nikasema wameshiba.

Siku moja alipotupa nyungunyungu, nikaona blakibasi mmoja amekatwa mkia nusu duara, kama aliyekatwa na mkasi. Nikatazama ukingoni kwenye matete. Kulikuwa na kijiti kimelala majini. Kijiti kilikuwa na jicho.

Wazungu walimwita broshe. Mrefu, hachezi, anangoja. Kinywa kimejaa meno kama msumeno.

Nilijua palepale. Sikusema.

Nikaamua nimtoe kimya. Nilikuwa na ndoano sita, nimezihesabu kama mnavyojua.

Kwanza nikatumia uzi wa pamba, ndoano ndogo, nyungunyungu. Nikavua blakibasi. Tena blakibasi. Tena. Watatu, na mmoja alimeza ndoano hadi tumboni akafa mkononi mwangu. Nilikuja kumwokoa, nikamsaidia broshe.

Halafu nikanunua Sake nailoni, kitu kipya wakati ule, muuzaji aliapa haikatiki hata kwa ng'ombe. Nikaweka panzi mkubwa juu ya maji karibu na matete. Maji yakapasuka mara moja tu. Uzi ukarudi mwepesi, umekatwa safi. Nikajaribu tena, nao ukakatwa. Ndoano nne sasa, kwa sababu ile ya tumboni niliitoa.

Na kwenye matete nikaona povu, limekaa juu ya maji, ukubwa wa sahani. Mama Bahati alikuwa ameshaliona. Alikuwa anagombeza wasichana wa jirani kila asubuhi kwamba wanafua nguo kwenye bwawa lake.

Monitere alikuwa ametuma habari. Angekuja baada ya wiki nne.

Nikapanda kamioni hadi Walikale. Sikubeba mzigo.

Mama Salome alinitambua kabla sijasalimu. Nikaanza na maneno ya kumzunguka, habari za familia, habari za mvua. Akanikata.

"Leo unatafuta bei ao unatafuta akili?"

Nikasema akili, Mama.

"Basi kaa chini. Akili hatupatanie bei."

Nikakaa. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama nimeona povu. Nilipokubali, akatikisa kichwa. Povu lile ni nyumba ya mayai yao. Baba na mama wanalilinda. Likikaa, bwawa linakuwa lao.

Akanieleza yote, na mimi, kwa mara ya kwanza sokoni, sikujibu neno. Broshe hafuati nyungunyungu, anafuata kitu cheupe kinachokimbia. Uzi wowote anaukata, kwa hiyo mbele ya ndoano lazima pawe na waya. Mume wake alikuwa mwindaji. Akaenda nyuma ya nyumba, akaniletea kipande cha waya wa mutego, urefu wa mkono.

Nikauliza watakuwa wangapi sasa. Akasema hawezi kujua, ila kumi na saba hawapo. Wamekwisha kulana. Watakuwa wawili, watatu, wale waliowashinda ndugu zao.

Nikakumbuka yule wa kumi na nane.

Kurudi kwa Mama Bahati kulikuwa kugumu kuliko njia. Nilimkuta ukingoni anapiga kelele kuhusu sabuni, wasichana wanaapa si wao.

"Si sabuni, Mama Bahati," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwambia yote. Mlinzi, chumvi, kijito, alivyonionya Mama Salome, nilivyomcheka. Wasichana wakaondoka polepole.

Mama Bahati akaweka jembe lake chini. Kisha akaniuliza kama niliwahesabu.

"Mara mbili."

"Na hukuwaangalia."

"Sikuwaangalia."

Akasema, "Bwana yangu alikuwa anasema wewe hauwezi kudanganywa." Akachukua jembe lake. "Leo toka kwangu. Kesho asubui kuya na ndoano zako."

Kesho yake nikaenda.

Tuligawana kazi. Lile povu tulilivuta kwa reki, tukalifukia mbali. Kisha yeye alikaa upande maji yanapoingilia, akawalisha blakibasi nyungunyungu na kumbikumbi hadi wakawa wanatema. Samaki aliyeshiba hana haja na ndoano yangu. Mimi nilikuwa upande wa matete. Ndoano kubwa, waya wa mutego, nailoni. Kwenye ndoano kipande cheupe cha ngozi ya tumbo la samaki, nakivuta kwa vituo kama kitu kinachokimbia na kuogopa. Na ile miiba ya nyuma ya ndoano niliisugua kwa jiwe hadi ikaisha, ili blakibasi akinaswa kwa bahati mbaya atoke bila jeraha. Hiyo niliifikiri mwenyewe, naomba ihesabiwe.

Alinaswa mmoja tu kwa bahati mbaya. Nikamrudisha.

Siku ya pili maji yakapasuka. Waya ukalia kwenye meno. Haukukatika. Nilimvuta hadi kwenye majani na kumwangukia kwa magoti yote mawili, bila heshima yoyote.

Tumboni mwake kulikuwa na blakibasi wawili.

Mama Bahati akampika. Nilidhani atachukia kumla. Akala vizuri, akasema anakula samaki zake mwenyewe, zimebadilisha nguo tu.

Wa pili tulimpata siku iliyofuata, wa tatu baada ya wiki. Halafu siku tatu mfululizo chambo kikarudi bila alama ya jino. Sikuridhika. Nikavuta siku tatu nyingine.

Monitere akaja na karatasi na wavu. Akavua, akahesabu, akarudisha. Blakibasi wakubwa kumi na mmoja. Karatasi inasema sitini.

Akasema kwa sauti ya chini, hakuwa mtu mbaya, kwamba atalazimika kuandika limeshindwa. Ukingoni wale wapimaji wa Jumapili walikuwa wamesimama. Mama Bahati alikuwa anatazama madimu yake, si bwawa.

Mimi nilifungua kinywa nianze kupatana. Mama Bahati akanizuia kwa mkono begani.

"Papa monitere," akasema, "kuya huku."

Akampeleka kwenye kona ya maji mafupi. Kulikuwa na wingu jeusi la vitoto vya blakibasi ndani ya maji, linatembea polepole. Chini yake blakibasi mkubwa, amekaa kama askari. Yule yule mwenye mkia uliokatwa.

"Uhesabu na hawa."

Monitere akachuchumaa. Akanyoosha kalamu, akaanza, wingu likageuka. Akaanza tena. Akaniita mimi, kwamba ndiye mwenye sifa ya kuhesabu mara mbili.

Nikafika arobaini, likageuka. Nikarudia, nikafika sitini na kitu, likagawanyika, likaungana. Nikasimama.

"Sijui, Papa," nikasema. Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza la aina hiyo.

Akaandika kwenye karatasi: bwawa lina samaki. Akafunga kalamu. Wapimaji wakakumbuka wana shughuli kwingine.

Bonde likabaki kwa Mama Bahati. Wajukuu zake wanalima pale hadi leo, kila vita inaporuhusu.

Nilipomaliza nikashuka Walikale na blakibasi wawili waliokaushwa kwa moshi, na kile kikombe cha pili cha chumvi. Mama Salome alipokea chumvi bila kuipima. Samaki mmoja alimshika kwa mikono miwili. Hakuhesabu, hakunusa, hakunishukuru. Kwanza alimfungua kinywa kwa kidole gumba, akaangalia ndani. Ndipo akacheka.

Nilichojifunza: muuzaji akikupondea bidhaa yake mwenyewe, acha bei, sikiliza. Huenda siku hiyo hauzi, anakuhurumia.

Wenye mabwawa, wenye ndoano, na wenye kunipinga, uwanja ni wenu. Na wewe mkuu mwenye samaki wanaopungua, kesho asubuhi vua mmoja, mfungue kinywa, kisha uje utuambie umeona nini.