Mchora mistari ya barabara na jiwe la Ellery

Saa kumi na mbili asubuhi, na mwandishi wa makala haya hajawahi kuchelewa mahali popote tangu azaliwe. Leo kachelewa dakika ishirini na tano tu, na lawama zote ni za goti lake la kushoto.

Vernon Hruska hana habari na aliyechelewa. Amepiga goti katikati ya barabara ya kuingia mjini Tannery Creek, Pennsylvania, na mgongo wa mkono wake umelala juu ya lami, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Bado ina umande," anasema. "Rangi na umande hawapatani. Ukiwalazimisha, wiki ijayo inabanduka yote."

Basi tunausubiri umande uondoke. Nyuma yake limesimama lori la rangi, manjano upande mmoja na nyeupe upande wa pili, na kwenye kiti cha nyuma, karibu na mabomba, amekaa mwenzake Ozzie Petrakis akitafuna mkate wenye yai.

Vernon ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita amechora mistari ya barabara za wilaya hii, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na wakati wa baridi husukuma theluji. Analipwa dola ishirini na tatu kwa saa. Huendesha yeye, na Ozzie hufungua mabomba na kumwaga chenga za kioo juu ya rangi mbichi, zile zinazong'aa taa zikiupiga mstari.

"Watu wa hapa wamepelekwa hospitali kuzaliwa wakifuata mstari wangu, na makaburini wakifuata mstari huohuo," anasema. "Hakuna aliyewahi kunishukuru. Pinda kidogo tu, inchi mbili, hapo ndipo wote wanaikumbuka namba yangu ya simu."

Tone la rangi limemdondokea kwenye kidole. Anachomoa chupa ya mafuta ya kupikia chini ya kiti, anajipaka, anasugua, ndipo anatafuta sabuni.

"Mafuta kwanza, sabuni baadaye," anafundisha. "Sabuni ikitangulia, rangi inaingia kwenye kucha na kuhamia humo. Hata mjukuu wangu analijua hilo tangu ana miaka sita. Alimchora mbwa wa jirani mstari wa manjano kutoka kichwani mpaka mkiani."

"Ulinyooka?" anauliza mwandishi.

"Kuliko wa Ozzie."

Ozzie anaumega mkate wake. Baadaye kidogo, Vernon akiwa amekwenda kupanga vile vibao vya kuonya magari, Ozzie anainama kutoka kwenye kiti chake.

"Huyo mzee si mzima," ananong'ona. "Jana tumepiga maili nane na hajanitukana hata mara moja. Nimeyakosa matusi yake."

Ugonjwa wa mzee huyo una tarehe. Ni Alhamisi, siku ya kwanza ya Mei, siku ya mwisho kwa mjukuu wake Corinne kusema atakwenda chuo gani. Leo ni Jumanne.

Cori, kama anavyoitwa nyumbani, ana miaka kumi na minane. Mama yake, binti pekee wa Vernon, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na bibi yake Ludmila, mke wa Vernon, ndiye aliyemlea. Baridi ya mwaka juzi Ludmila naye akaondoka. Mwezi haujaisha, Vernon akaanguka ndani ya lori la theluji, mkono kifuani, injini inanguruma. Madaktari wakamtia kibomba kwenye mshipa wa moyo.

Tangu hapo, kila Jumapili jioni Cori hukaa mezani na kile kisanduku cha vyumba saba, akipanga dawa za babu yake za wiki nzima.

"Ananikagua kama askari," anasema Vernon. "Jumatano moja nilisahau kidonge cha asubuhi. Alinipigia simu akiwa darasani, mbele ya mwalimu. Mwalimu akanisalimia."

Vyuo viwili vimemkubali Cori. Pruett kiko dakika ishirini na tano kwa gari. Angelala nyumbani kila siku. Ellery kiko Maine, maili mia sita na arobaini, na kina msitu wake chenyewe. Cori anataka kusomea magonjwa ya miti, kwa sababu misonobari ya nyuma ya nyumba yao imekufa mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini. Vyote viwili vimeahidi kubeba karibu gharama zote. Kwa hiyo safari hii pesa si tatizo, maneno ambayo hayajawahi kutamkwa katika nyumba ya Hruska.

Kama watoto wengine waliokubaliwa, majira haya ya kuchipua amezunguka kwenda kuviona vyuo kabla ya kuchagua. Na babu yake amezunguka naye, akitazama mambo yake.

"Pruett mistari ya maegesho imepinda," anasema. "Nikamwambia, mjukuu wangu, mtu asiyeweza kunyoosha mstari wa futi kumi na nane atakufundisha nini? Akaniambia, Babu, hatukuja kuegesha."

Ellery walikwenda Ijumaa iliyopita. Saa kumi na moja nzima ndani ya gari, mayai ya kuchemsha, redio inakatika kila mlima. Walipofika, kila mmoja alibandikwa karatasi ya jina kifuani, kisha wakatenganishwa. Cori alipelekwa bwenini akalale na mwanafunzi wa pale aone maisha yalivyo. Wazazi waliingizwa ukumbini.

"Walitupa kahawa wakatufundisha namna ya kuwaachia watoto," anasema Vernon. "Kuna somo lake, na karatasi. Ukaambiwa mwandikie mwanao barua, nao wataituma Septemba. Jirani yangu alikuwa daktari wa meno, mtu mzima, suti nzuri. Alilia mpaka wino ukatembea. Mimi sikulia."

"Alilia," anasema Ozzie kutoka nyuma.

"Hukuwepo."

"Sikuwepo, lakini alilia."

Vernon anasema usiku ule alichukua chumba hotelini. Kwenye kiti cha gari lake bado kuna mto na blanketi vimekunjwa vizuri, na mwandishi, mtu mzima mwenye adabu zake, hakuuliza ni hoteli gani hiyo inayogawa matandiko.

Karibu na lango la Ellery kuna jiwe kubwa kama banda la ng'ombe, na kando yake ndoo ya rangi ya buluu. Mgeni ambaye moyo wake umekwishakata shauri hutumbukiza mkono ndooni na kuugandamiza juu ya jiwe. Haandiki jina. Ofisi inaweza kungoja mpaka Mei, lakini jiwe limekwishajua.

"Nilikwenda kuitazama ile rangi asubuhi," anasema Vernon. "Siyo haya maji ya kisasa. Rangi ya mafuta, nzito. Nikasema, sawa, hapa kuna watu."

Adhuhuri, wengine walipokusanyika jiweni, yeye alikuwa kwenye maegesho akikagua magurudumu. Hakutaka Cori amwone amesimama pale akingoja. Baada ya nusu saa msichana akaja, amevaa glavu maana Maine bado ni baridi, akapanda garini.

"Nikamuuliza, vipi? Akasema, hapana, Babu, si mahali pangu. Twende nyumbani."

Vernon anageuka kuitazama barabara, ingawa hakuna gari linalokuja.

"Saa kumi na moja za kurudi, na yeye anatazama dirishani. Ninyi mnasema nifurahi, mtoto atabaki. Kweli, atabaki. Nitamwona kila siku. Lakini nikifa keshokutwa, atakuwa amebaki kwa ajili ya nini? Kisanduku cha dawa?"

Anapiga goti tena na kuigusa lami. Safari hii imekauka; anaitikia kwa kichwa, na lori linaondoka. Mwendo ni wa mtu anayetembea na mgonjwa. Nyuma yake mstari wa manjano unajitandaza, mbichi, umenyooka, na hakuna dereva hata mmoja anayepunga mkono.

Jioni, nyumbani kwa Hruska, kitunguu kinanukia. Vernon amefunga aproni ya marehemu mkewe, yenye maua. Anatengeneza pierogi, vile vibumunda vya unga vilivyojazwa viazi na jibini ambavyo mtu wa hapa akivikosa Jumanne anafikiri ni Jumatano.

Cori amekaa mezani na kompyuta yake, nywele amezisuka mkia mmoja. Ni msichana wa sauti ndogo na majibu ya haraka. Anasema amekwishaamua: Pruett. Kesho atajaza fomu.

"Ellery kulikuwaje?" anauliza mwandishi.

"Chakula kibovu. Yule dada niliyelala naye anakoroma kama lori la Babu. Watu wenyewe wana maringo."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Na msitu?"

Cori anakivuta kile kisanduku cha dawa, anafungua chumba cha Jumatano, anachungulia, anakifunga.

"Miti ni miti," anasema.

Babu yake hageuki kutoka jikoni. Anamwambia mwandishi kwamba Oktoba atastaafu. Mpango wake, anasema, ulikuwa mmoja tu: kuendesha polepole mpaka Maine majani yakiwa mekundu, akiitazama kazi ya wachora mistari wa njiani na kuwasema, amkute mtu fulani msituni anapima miti, amsalimie, wale kitu, arudi.

"Utakuja Pruett, Babu," anasema Cori. "Ni karibu. Dawa zako utanywa kwa wakati."

"Dawa nazijua. Ozzie atanipigia simu kila asubuhi. Nimekwishamwambia, naye amekubali, mradi nianze kumtukana tena."

"Ozzie mwenyewe hajui leo ni siku gani."

Vernon anacheka kidogo. Anaweka kikaango motoni, ananyoosha mkono kwenye rafu, na mkono unarudi mtupu. Anapapasa nyuma ya chumvi. Anafungua kabati la chini.

"Mafuta yako wapi?"

"Labda yameisha," anasema Cori, macho kwenye kompyuta.

"Nilinunua chupa mpya Alhamisi."

Anasimama kidogo, kijiko mkononi. Kisha anatoka, hatua zake zinasikika ukumbini, mlango unafunguka na kufungwa. Anarudi na chupa ya mafuta ya kupikia, imepungua vidole viwili, na kuiweka mezani kando ya kisanduku cha dawa.

"Yalikuwa bafuni," anasema. "Karibu na sabuni."

"Nilipaka nywele, Babu. Zilikuwa zimekauka."

"Nywele."

"Maji ya Ellery mabaya. Nilikwambia."

Vernon anazima jiko. Anavuta kiti, anakaa mbele yake, aproni na maua yake yote.

"Weka mikono mezani."

Mkono wa kushoto unatoka.

"Na mwenzake."

Wa kulia unachelewa, kisha nao unatoka, umefumbwa. Vernon anaufumbua kidole kimoja kimoja na kuugeuza, mgongo juu, kama alivyougeuza wake asubuhi juu ya lami. Kwenye shina la kucha ya kidole gumba umebaki mstari wa buluu, mwembamba, umenyooka.

"Ni wino wa kalamu," anasema Cori.

"Wa kalamu," anasema Vernon, na mkono hauachii.