Kuzungushwa Machakos na Mbuzi Mgongoni mwa Pikapu

Mwanangu Elija alipotuambia amepata mchumba, na kwamba binti anatoka Machakos, mama yake alipiga vigelegele na mimi nikapandwa na presha. Sikuwa na ugomvi na huyo Mwikali. Sikuwa hata nimemwona. Ila nilishampangia Elija binti mwingine, hapahapa Changamwe, na mipango yangu sipendi iguswe. Nikatangaza nyumbani kwamba nakwenda Machakos kutembea, kuona mji. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta kasoro.

Asubuhi mapema basi lilinishusha Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapochepuka. Baba yake Mwikali, Mzee Kioko, alikuwa ameahidi kunipokea kwa pikapu yake. Nikiwa namsubiri, adabu za pwani zikanisuta: unaingiaje nyumba ya watu mikono mitupu? Maembe yalikuwepo, lakini kumpelekea mtu wa Machakos maembe ni kichekesho. Kando ya kibanda kimoja alifungwa mbuzi wa kuuzwa, mweupe, mnene, mwenye dharau usoni. Nikamnunua, nikajiona mstaarabu kupita kiasi.

Kioko alipofika alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Mzee, hii mbuzi ni yetu?"

"Ni yenu. Kitu kidogo tu."

"Na umeleta wewe mwenyewe, baba ya kijana?"

"Sasa angeleta nani?"

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akaenda kando kupiga simu. Aliongea Kikamba kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kazini serikalini.

"Nyumbani bado wanapangapanga," akasema aliporudi. "Wacha kwanza nikuonyeshe mji."

Machakos mjini nilionyeshwa kila kitu chenye ukuta. Tulitazama lango la ofisi za kaunti. Tulitazama hospitali kwa nje, nikatajiwa jamaa wote waliozaliwa mle ndani. Tulizunguka mzunguko mmoja wa barabara mara mbili, eti mara ya kwanza sikuuona vizuri. Kwenye bustani yenye ziwa, askari alimkataa mbuzi, basi tukatazama mashua kupitia uzio.

Sokoni ndipo nilipopapenda: vikapu vya vyondo, ndengu, kunde, na kelele za kufaa. Lakini kila tuliposimama watu walikuja kwenye pikapu, wakamkagua mbuzi, wakanipa mkono. Mama mmoja muuza ndengu alipiga vigelegele. Nikaweka akilini kasoro ya kwanza: watu hawa hushangilia wageni bila kipimo.

Adhuhuri tukapanda Kituluni, kwenye ile barabara ambako maji hupanda mlima badala ya kushuka. Kioko akazima injini, akaachia breki, na pikapu ikaanza kupanda yenyewe, mimi na mbuzi tukiwa ndani yake. Nikamweleza kwa upole kwamba ni macho tu yanayodanganywa na umbo la ardhi.

"Ni sawa," akasema. "Lakini si tumepanda?"

Nilimwomba arudie. Nilifurahi kama mtoto, na hilo lilinikera, kwa sababu sikuwa nimekwenda kufurahi. Hapo simu yake ikalia. Nyumbani walikuwa tayari.

Bomani nilikuta hema, wazee waliovaa makoti katika jua lile, na akina mama wanaimba. Mbuzi alipokewa kabla yangu. Mzee mmoja akasimama, akatuita athoni, yaani wakwe, akashukuru kwamba tumefungua ntheo. Nikamwuliza aliyeketi kando yangu ntheo ni kitu gani.

"Ni mbuzi za kwanza, zinatoka kwa kijana," akanijibu. "Zikishaingia, msichana ni wenu. Kwani hukujua?"

Nilikuja kuvunja uchumba, na nilikuwa nimeufunga kwa kamba niliyoishika mwenyewe.

Msichana akaja na jagi na beseni kuninawisha mikono. Akainama, akasema polepole, "Baba, mimi ndiye Mwikali. Elija aliniambia haukuwa unanitaka. Na hii mbuzi najua ulileta tu zawadi. Kama hautaki, niambie saa hii kabla wachinje. Nitaambia wazee ni mimi nimekataa. Hautaaibika."

Niliona haya, haya ya kweli. Siku nzima namtafutia kasoro, naye yuko tayari kubeba aibu yangu mbele ya ukoo wake. Nikajipangusa mikono, nikasimama.

"Wazee," nikasema, "mbuzi huyu ni mmoja. Wenzake huwa wangapi?"

"Wawili tena," wakajibu kwa pamoja, wala hawakuhitaji kushauriana.

"Basi hao nao wanakuja."

Vigelegele vilivyopigwa sina haja ya kuvieleza. Nilikula muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hadi nikafungua mshipi.

Jioni, Kioko akinirudisha Kyumbi kupanda basi, nilimwuliza kama alijua tangu asubuhi kwamba sielewi nilichokibeba.

"Nilijua," akasema bila kugeuka. "Lakini mtoto yangu alikuwa analia juu yako, mzee. Alafu wewe unashuka basi, unanipatia mbuzi. Ningefanya aje?"

Hilo ndilo nililojifunza Machakos: nilimliza mtoto wa watu kabla hata sijamwona uso. Nikamwomba Kioko amfikishie samahani yangu. Akakataa.

"Utamwambia mwenyewe," akasema, "ukileta hizo mbili."